Wanawake Wawili wa Kibanda cha Kirusi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mitambo alinikabidhi bisibisi, mkanda wa kubandikia nyaya sakafuni na onyo moja. "Zawadi," alisema, "ukiona watu wamegeuka kukutazama, ujue kuna kitu kimeharibika. Wakisahau kwamba upo, umefaulu." Ilikuwa mwaka 1994, msimu ambao Waingereza wanauita wa maua na mimi mtu wa Kigoma nauita baridi tu. Nilivaa sweta mbili chini ya koti na bado meno yaligongana nilipokuwa nikimwitikia.

Nilikuwa nimesomea ufundi wa redio Dar es Salaam, nikaolewa, nikamfuata mume wangu London. Tulipanga nyumba Hayes, mtaa ambao majirani wengi walifanya kazi uwanja wa ndege, na mimi nami nilianza kwa kupakia mizigo huko. Mgongo ulipokataa nikaenda kuomba kazi kwenye kampuni iliyokodisha mitambo ya ukalimani kwa mikutano mikubwa. Mkuu wa Mitambo, Mwingereza mfupi mwenye matusi mengi na roho nzuri, alinipa redio mbovu akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa inaimba. Sikuulizwa swali la pili.

Ninyi vijana mnaoelekeza simu kwenye maandishi yakajitafsiri yenyewe, ngoja niwaeleze tulivyofanya. Nyuma ya ukumbi tulisimamisha vibanda, vyumba vidogo vya mbao vyenye kioo mbele na sponji kwenye kuta ili sauti isitoke. Kila lugha na kibanda chake. Ndani walikaa wakalimani wawili, kila mmoja na hedfoni, maiki na swichi yake. Msemaji akizungumza Kirusi ukumbini, mkalimani anamsikiliza na papo hapo anasema Kiingereza, bila kungoja amalize. Ni kazi ya kuchosha kichwa kuliko unavyofikiri, ndiyo maana wanapokezana kila baada ya nusu saa. Aliyepumzika hapumziki: anamwandikia mwenzake tarakimu na majina, anammiminia maji. Kulikuwa pia na kitufe cha kikohozi. Ukikibonyeza, maiki inanyamaza mpaka ukiachie, ukohoe au upige chafya kwa raha zako.

Mimi nilikaa pembeni ya vibanda na meza yangu ya sauti, nasikia kila chaneli. Nilikuwa na kazi ya kupandisha na kushusha sauti, na ya kuhakikisha mzee wa watu hapewi hedfoni yenye betri iliyokufa halafu akalalamika kwamba anahujumiwa.

Miaka ya mwanzo nilitumwa hotelini zaidi, kwa madaktari wa meno na wauza saruji. Kisha Mkuu wa Mitambo akanipeleka kwenye taasisi moja ya masuala ya ulinzi katikati ya jiji, na huko ndiko nilikomaliza kazi yangu. Bosi wa pale alikuwa Katibu wa Mikutano, mama mrefu aliyetembea na saa mkononi na nyingine shingoni. Na huko ndiko nilikokutana na Ludmila na Nana.

Ludmila alikuwa Mrusi wa Leningrad, na hata mji ulipobadilishiwa jina aliendelea kuuita Leningrad. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti nzito kama ya baba mchungaji. Nana alitoka Gori, mji mdogo wa Georgia, nchi ya milimani iliyopakana na Urusi upande wa kusini. Yeye alikuwa mwembamba na mkali, na sauti yake nyembamba ilipenya. Walisoma pamoja ukalimani Moscow enzi za Muungano wa Kisovieti, wakati nchi zao zilikuwa chini ya bendera moja. Muungano ulipovunjika kila mmoja alifika London kwa njia yake, na wakajikuta tena kibanda kimoja, kibanda cha Kirusi.

Nawaambieni, sijaona watu wawili wakifanya kazi vile. Mmoja alikuwa akinyoosha mkono bila kutazama na mwenzake anamwekea glasi. Mchana tulikula pamoja nyuma ya vibanda, na mbele yangu siku zote waliongea Kiingereza. Ludmila alileta mkate mweusi na matango ya siki, Nana alileta biringanya zilizopakwa karanga za kwao zinazofanana na ubongo, na mimi nilileta sambusa nilizonunua Southall, jirani na Hayes, kwa mama mmoja Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu aliyenipunguzia bei kwa sababu ya Kiswahili. Ludmila alikula pilipili mpaka machozi yakamtoka, kisha akaomba nyingine. Nilicheka sana miaka ile.

Kazi yao ilikuwa na sheria mbili ambazo kila mtu wa fani alizishika. Ya kwanza, mkalimani husema "mimi". Jenerali akisema nimekasirika, mkalimani hasemi "anasema amekasirika", anasema "nimekasirika". Basi nilikuwa nikimsikia Nana, mwanamke wa kubebwa na upepo, akisema kwa utulivu kabisa, "Mimi nimeongoza vifaru tangu ujana wangu," na wajumbe wapya wakigeuka kutafuta hicho kifaru kilipo. Sheria ya pili ilihusu kupokezana. Unapotaka kupumzika unamgeukia mwenzako na kumfungulia kiganja kuelekea swichi yake. Hapo ndipo anachukua. Kumkatia mwenzako kabla hajafungua kiganja ni kama kumpokonya mtu kijiko kikiwa kinakaribia mdomoni. Inamaanisha umemwona hawezi, au humwamini.

Mikutano yenyewe ilikuwa juu ya jambo moja, mwaka baada ya mwaka. Nchi za Magharibi zilikuwa na jumuiya yao ya kijeshi, ya kulindana: ukimpiga mmoja umewapiga wote. Muungano wa Kisovieti ulipokufa, wale waliokuwa upande wake wakaanza kubisha hodi kwenye jumuiya hiyo. Wakaja Wapolandi, Wacheki na Wahungari, wakaingia mwaka 1999. Wakaja watu wa nchi ndogo za Baltiki na wengine, wakaingia mwaka 2004. Wote walisema kitu kilekile kwa maneno tofauti: tumekaa karibu na mkubwa huyu, tunamjua, tunataka mlango wenye komeo. Warusi nao walikuwa wakisema: mlituahidi hamtasogea, na sasa mko kizingitini kwetu. Wengine waliuliza ahadi hiyo iliandikwa wapi. Hapo Mwenyekiti wa mkutano alitangaza mapumziko ya chai.

Mimi nilielewa pande zote mbili na zote mbili zikaniudhi. Nimekulia mpakani. Najua mtu mdogo anavyolala nusu macho karibu na jirani mwenye nguvu, na najua pia mwenye nguvu anavyokereka akiona jirani anaita watu wa mbali. Lakini sikulipwa kuelewa, nililipwa kuangalia mishale inayopima sauti mezani kwangu.

Mwaka 2008 jumuiya ile ilisema hadharani kwamba Georgia na Ukraine nazo zitakuwa wanachama siku moja. Siku gani, haikusema. Mwezi wa nane vita ikalipuka. Majeshi ya Georgia yalishambulia mji mkuu wa Ossetia Kusini, jimbo lililokuwa limejitenga na Georgia. Majeshi ya Urusi yakavuka mpaka. Mabomu yakaanguka Gori. Mtu wa Georgia akianza kusimulia alianzia siku Warusi walipovuka au miaka mingi nyuma yake. Mrusi alianzia usiku mizinga ya Georgia ilipofyatuliwa. Kila mmoja alianzia pale alipoumia, na hapo ndipo ugomvi wote ulipokuwa.

Mama yake Nana alikuwa Gori. Jirani alimbeba kwa gari mpaka Tbilisi, mji mkuu, akiwa na nguo za mwilini tu. Ludmila ndiye aliyekaa na Nana siku zile akipiga simu zisizopokelewa, na aliposikia sauti ya yule mama alilia kuliko Nana mwenyewe. Haya niliambiwa na Nana, kwa mdomo wake. Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yaliniuma sana.

Taasisi iliitisha mkutano msimu wa baridi ulipokuwa unaanza. Katibu wa Mikutano aliwapitia wakalimani asubuhi na kumwuliza Nana kama angependa kupumzika siku hiyo.

"Nimeugua?" Nana aliuliza.

"Hapana, ila..."

"Basi niko kazini."

Kanali alipopewa nafasi, zamu ilikuwa ya Nana. Kanali alikuwa Mrusi mstaafu aliyekuja kwenye mikutano yetu miaka mingi, mtu wa adabu, na siku zote aliwapungia mkono watu wa vibandani. Alisema Kirusi, Nana akasema Kiingereza. "Tuliingia kuwalinda watu wetu," Nana alisema. "Hatukuanzisha sisi. Aliyeanzisha ni yule aliyeahidiwa ngao na wakubwa akadhani tayari ameishika." Sauti haikutikisika. Nilitazama mishale yangu, imetulia pale pale.

Kanali akafika kwenye habari ya Gori. Alianza sentensi ndefu yenye mizunguko, na Nana akanyamaza. Nilisikia kimya kwenye chaneli. Halafu nikasikia sauti nzito ya Ludmila inaendelea, na nilipoinua macho, kidole chake kilikuwa kwenye swichi. Swichi zetu zilipangwa wazi, maana yake mmoja akibonyeza, sauti ya mwenzake inakatika papo hapo. Nana hakuwa amefungua kiganja.

Ukumbini hakuna aliyegundua. Nana alimtazama Ludmila, akavuta karatasi na kuanza kumwandikia tarakimu, kama kazi ilivyotaka. Baadaye akasimama mjumbe wa Georgia akaongea Kiingereza, na Ludmila akayasema yote kwa Kirusi mbele ya Warusi wenzake: mmetuvamia, mmetubomolea, mnatuadhibu kwa kuchagua marafiki. Hakupunguza hata neno. Sijui Kirusi, lakini niliona Warusi walivyokunja nyuso.

Mlipuko ulikuwa kwenye korido, wajumbe walipokwenda kula.

"Ulidhani nitayapindua maneno ya Kanali wako!" Nana alisema.

"Nilidhani unalia!"

"Nilikuwa nasubiri! Mtu hajamaliza sentensi, nitasema nini? Wewe si mkalimani, hujui kusubiri?"

"Nana, ilikuwa Gori. Mama yako. Nilitaka kukuondolea mzigo."

"Nani alikuita?"

Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimepiga magoti nabandika waya ambao haukuhitaji kubandikwa.

"Zawadi alisikia," Ludmila alisema. "Mwulize kimya kilikuwa kirefu kiasi gani."

"Ndiyo, mwulize!"

Niliwaambia ukweli wangu wote. "Kimya nilikisikia. Kilichokuwa ndani yake sikukisikia." Hawakuupenda. Nana alichukua koti lake, na mchana huo biringanya zilibaki kwenye kopo.

Pale taasisi chai ilikuwa ya Mama Riziki, Mkongo wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu. Yeye peke yake ndiye niliyezungumza naye Kiswahili kazini. Alikuwa ameona yote akisukuma kigari chake cha vikombe.

"Dada, bale bamama banagombana sababu ya vita?" aliniuliza.

"Sababu ya swichi, Mama Riziki."

Akatikisa kichwa. "Kwetu vilevile. Kila mutu anasemaka ni mwenziye njo alianza. Ukimuliza huyu, iko na sababu. Ukimuliza ule, naye iko na sababu. Na nyumba ziko zinaungua tu." Akanimiminia chai, akaongeza sukari bila kuniuliza. "Kunywa. We haukuwe muamuzi."

Nana alimwambia wakala aliyewapangia kazi kwamba hataki tena kibanda kimoja na Ludmila. Wakawa wanaletwa kwa zamu tofauti, na watu wengine pembeni yao. Walikuwa wakalimani wazuri, wale wengine, siwasemi vibaya. Lakini Ludmila alikuwa akinyoosha mkono bila kutazama, na hakuna aliyemwekea glasi. Nana naye alimaliza kazi, akafunga mkoba, akaondoka bila kula. Mimi nilikula sambusa zangu peke yangu na hazikuwa na ladha. Niliogopa kwamba urafiki ule, uliopita Moscow na kuvunjika kwa nchi nzima na miaka yote ya London, umekufa kwa kidole kimoja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jambo lisilo la nyumbani kwangu.

Mwaka uliofuata, mkutano mwingine wa jambo lilelile. Wakala hakuwa na watu wengine waliojua msamiati wa kijeshi kwa lugha zote mbili, na wote wawili walihitajika. Walifika asubuhi, wakaamkiana kama wateja benki, wakaketi.

Mkuu wa Mitambo alikuja siku hiyo mwenyewe, maana habari ilimfikia. Akainama mezani kwangu. "Weka kufuli," aliniambia. Kufuli ilikuwa namna ya pili ya kupanga swichi. Ukiiweka, hakuna awezaye kuchukua maiki mpaka mwenzake azime yake kwanza. "Wakianza kunyang'anyana mbele ya mabalozi, mimi na wewe tunarudi kwa madaktari wa meno."

"Siweki, bosi."

"Kwa nini?"

"Nikiweka watajua. Taa ya kufuli inawaka mezani kwao. Itakuwa nimewaambia siwaamini."

Alitukana kidogo, kwa mazoea, kisha akavuta kiti akaketi nyuma yangu. Alikuwa bosi wa namna hiyo. Nimekuwa na mabosi wengine na sikuwahi kubishana nao mara mbili.

Kanali aliposimama, zamu ilikuwa ya Ludmila. Ludmila alikuwa na mafua tangu asubuhi, nilimsikia akibonyeza kitufe cha kikohozi mara kwa mara. Kanali alirudia yake: ngao, ahadi, kizingiti, nani alianza. Ludmila alisema, "Sisi hatukutaka vita na jirani. Jirani ambaye..." na sauti ikaisha. Si kwamba ilipungua, iliisha kabisa. Akabonyeza kitufe, akakohoa mpaka uso ukawa mwekundu, akakiachia, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Kanali aliendelea kuongea. Wajumbe walianza kugonga hedfoni zao, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka kutazama kibanda cha Kirusi.

Nana alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani. Swichi ilikuwa mbele yake, shubiri moja tu. Hakuigusa.

"Kwa nini hachukui?" Mkuu wa Mitambo alininong'oneza sikioni.

"Hajaombwa."

"Zawadi, ukumbi mzima unatutazama!"

"Naona, bosi."

Ludmila alimgeukia Nana, machozi ya kikohozi yakimtiririka. Hata mimi niliyekuwa upande wa pili wa kioo nilielewa anachowaza. Maneno yaliyobaki yalikuwa ya Kanali, ya nchi yake, ya kumlaumu Nana na watu wake. Akainua mkono wake mnene na kumfungulia kiganja.

Nana akabonyeza. "Jirani ambaye tulikula naye meza moja," alisema kwa sauti ile nyembamba, kama aliyekuwa akiongea muda wote. "Alifyatua yeye kwanza, na sisi tulimjibu. Lawama si yetu." Aliyasema yote mpaka mwisho, Gori ikiwemo. Mahali Kanali alipopandisha sauti, alipandisha. Ludmila akavuta karatasi, akaanza kumwandikia tarakimu. Baada ya muda Nana alinyoosha mkono bila kutazama, na glasi ikawekwa.

Nilijifanya natafuta bisibisi chini ya meza ili Mkuu wa Mitambo asione uso wangu. Naye alikuwa akipenga kamasi kwa kelele.

Ukumbi ulipotoka nilikwenda kukusanya hedfoni zao. Walikuwa bado wamekaa.

"Ningekaa kimya mpaka jioni," Nana alikuwa akimwambia mwenzake. "Wangenifukuza kazi, ningekaa tu."

"Najua," Ludmila alinong'ona kwa koo lililokauka. "Nakujua toka Moscow. Ndiyo maana nilikuomba upesi."

Nana alicheka kwanza, halafu akalia. Safari hii alikuwa analia kweli, na Ludmila alimwacha alie, hakumgusa mpaka alipoegemewa.

Nilistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Masikio yalikuwa yamechoka, ugonjwa wa fani yetu. Tulikula pamoja nyuma ya vibanda mpaka siku yangu ya mwisho, na mpaka siku hiyo hawakuwahi kukubaliana nani alianzisha vita. Nana alikuwa na yake na Ludmila alikuwa na yake, na walibishana mdomo umejaa sambusa. Sikutegemea wakubaliane. Ningependa kuwaambia nimejua jibu, maana vijana wa nyumbani kwangu huniuliza, "Mama, ulikuwepo, so whose fault was it?" Nawajibu kwamba nilikuwepo miaka yote ile na nilisikia sababu nzuri kwa lugha mbili, na kwamba waliouawa hawakupewa maiki.

Mkuu wa Mitambo amekwisha tangulia. Mama Riziki tunaonana kanisani kwao kukiwa na harusi. Wale wawili nawakumbuka mno, kuliko hata watu wa damu yangu wengine, na sioni haya kusema hivyo. Nchi zile bado zinalaumiana, na sasa zimeongezeka. Wakubwa wao wakitokea kwenye televisheni, watoto wangu husikiliza kiongozi anasema nini. Mimi nasogeza kiti karibu, natega sikio langu moja lililobaki zima, namtafuta mwanamke aliye chini ya sauti ile, anayesema "mimi" kwa niaba ya mtu mwingine. Nikisikia amenyamaza kidogo, naongeza sauti. Nawaza nani amekaa pembeni yake, na kama amesubiri kuombwa.